Mgomba Uliowazibia Kobe Jua

Siku Klaudia alipowaokota watoto wa kobe, alikuwa ameinama kando ya ziwa akikata nyasi za kutandika sakafuni, na kimoyomoyo alikuwa akigombana na kaka yake, kama ilivyokuwa desturi yake kila alipobaki peke yake. Kaka mtu, Rwegasira, hakuwepo kujibu, kwa hiyo ugomvi huo Klaudia alikuwa akiushinda vizuri sana. Mundu ukapekua mchanga, na kitu kikatambaa. Akatazama vizuri. Walikuwa kobe wa maji, wadogo kama vifungo vya koti, wanatoka shimoni mmoja mmoja, na korongo walikuwa wameshaanza kuwameza.

"Nendeni mkale samaki kama wenzenu!" Klaudia aliwafokea korongo, akiwapungia mundu. Waliobaki walikuwa watano. Akawafunga katika pindo la kanga.

Angeweza kuwatia majini, nao wangekwenda zao. Hakutaka. Tuseme kweli tu: aliwataka, na alikuwa na sababu.

Klaudia alikuwa amerudishwa. Neno lenyewe ndilo hilo, na watu wa kwao Muleba hawakuona haya kulitamka. Kurudishwa, kama debe linalovuja linavyorudishwa dukani. Mumewe alisubiri mtoto, akachoka kusubiri, akamrudisha kwa baba yake. Baba alikuwa ameshafariki, na kibanja, pamoja na migomba na mibuni yake yote, kilikuwa mali ya Rwegasira. Mila ndivyo ilivyotaka. Binti alikula ndizi za kibanja cha baba yake na kukipalilia mpaka mgongo ukamuuma, lakini kibanja hakikuwa chake hata kwa upana wa jani. Klaudia alilala katika banda la jikoni, pamoja na mama yao mzee, Kemilembe.

Wifi yake, Felicitas, hakuwa na roho mbaya, ila ulimi wake haukuwa na breki. Maharage ya Klaudia yakinyauka, alicheka. Kuku wa Klaudia akiyaacha mayai, alicheka zaidi. "Mkono wako huo, wifi," alikuwa akisema, "hakuna kinachokua humo." Alisema mbele ya wageni, alisema kisimani, na watu waliorudi kutoka Misa ya Jumapili waliyarudia maneno hayo njiani kana kwamba yalikuwa sehemu ya mahubiri. Sasa Klaudia alikuwa na viumbe watano katika pindo la kanga. Hawa wakikua, maneno yote yale yatakuwa uongo. Wakifa, basi. Alijua hivyo tangu hatua ya kwanza ya kurudi nyumbani.

Rwegasira alikuwa balozi wa nyumba kumi. Tangu lilipotangazwa Azimio, alikuwa amejifunza kuhutubia, na alipohutubia alipandisha mikono kama anayefukuza nyuki. Alipowaona wale kobe katika karai la maji, uso ulimbadilika.

"Hayo madudu ya ziwani ni ya nini?"

"Nafuga, kaka."

"Watu wanafuga ng'ombe. Wanafuga mbuzi. Mwanamke asiye na mtoto akianza kulisha madudu jikoni, unajua watasema nini? Na mimi ni balozi! Yatupe."

"Nimesikia, kaka," alisema Klaudia. Kusikia alikuwa amesikia kweli. Kutupa hakutupa.

Aliwaficha mahali alipopajua kuliko mtu yeyote. Katika banda la jikoni, juu ya meko, palikuwa na uchaga ambapo ndizi za pombe zilipandishwa na kufunikwa majani ili ziive kwa joto. Wanaume ndio waliokamua hizo ndizi na kuzinywa na kujisifia, lakini aliyechunga moto wa kuziivisha alikuwa Klaudia, na ndizi zake ziliiva sawasawa toka pembe hadi pembe. Kwa hiyo akawaza kama mwivisha ndizi. Kichanga kinataka joto. Kila kinachotaka kukomaa kinataka joto. Akalipandisha karai uchagani, akalifunika jani la mgomba, akachochea moto mdogo usiokatika, na kila alipopika alijinyoosha kuonja maji kwa kidole. Yalikuwa vuguvugu. Akafurahi. Akawapondea dagaa wabichi, akawarushia minyoo, akawasemesha Kihaya kama wajukuu.

Mwanzoni walikula. Kisha wakapunguza, na baadaye macho yao yakavimba yakafumba. Klaudia akaongeza kuni. Akambonyeza mmoja mgongoni taratibu, na gamba likabonyea chini ya kidole kama ganda la ndizi iliyoiva. Alishtuka akauondoa mkono. Asubuhi iliyofuata mmoja alikuwa ameelea, miguu imelegea, na Klaudia alikaa chini penye majivu akalia kwa hasira, si kwa huzuni tu. Aliwalilia kobe, akamlilia mumewe asiyestahili hata chozi, akaulilia ulimi wa Felicitas. Alipomaliza alijipangusa, akambeba mmoja wa wagonjwa katika kikapu kidogo, juu yake akaweka vichane vya ndizi za kuuza, akapanda basi kwenda Bukoba.

Alikuwa na mteja wake huko Hamugembe, Bi Siti, mke wa fundi cherehani, mzaliwa wa Pangani aliyeletwa huku na ndoa. Siku nyingi Klaudia alikuwa akipita uani kwake na kumwona kobe wa maji mkubwa kama sahani ya wali, amekaa juu ya jiwe kando ya birika la saruji, ameinua shingo kama mwenye nyumba. Hakuwahi kuuliza habari zake. Safari hii alikitua kikapu na kuuliza hata kabla ya kujibu salamu.

Bi Siti alimpokea yule mdogo kiganjani, akambonyeza, akatikisa kichwa.

"Umemweka wapi huyu, mwanangu?"

"Juu ya meko. Penye joto, Bi Siti. Sijamwacha apate baridi hata siku moja."

"Na mwanga?"

"Karai nimelifunika jani la mgomba."

"Basi ndiyo hayo. Umempa joto, hukumpa jua. Joto linampa nguvu ya kula, lakini linaloufanya mfupa uwe mfupa ni jua. Gamba lake hili ni mfupa, ulikuwa hujui? Utampondea dagaa na mifupa yake, utamsagia na maganda ya mayai, vizuri sana, lakini asipoota jua vyote vinampita tu." Akamnyooshea kidole yule mkubwa juu ya jiwe. "Kabla ya huyu nilizika wawili. Niliwaweka dirishani, nyuma ya kioo, nikasema jua si linaingia? Mwanga uliingia. Ile nguvu ya jua yenyewe kioo kiliizuia, nao wakalainika vilevile. Jua lenyewe, mwanangu, bila kioo, bila jani."

"Nikiwatoa nje wataungua."

"Utawaoka ukiwa mjinga. Weka jiwe liinuke juu ya maji, wapande wakauke kabisa. Upande mmoja jua, upande wa pili kivuli, wachague wenyewe. Kobe anajua lini ametosheka, mradi umemwachia njia. Mvua ikikaza, washa kandili juu ya jiwe, karibu kiasi mkono wako uvumilie bila kuukwepesha. Usiku zima, nao walale kama watu." Alimrudishia yule mgonjwa. "Anaweza kupona. Usichelewe."

Ndani ya basi, kikapu kikiwa mapajani, Klaudia alielewa jambo ambalo Bi Siti hakulisema. Joto alikuwa ameweza kulificha. Jua halifichiki. Kama hawa wanne walitakiwa kuishi, ilibidi waishi uani, mbele ya macho ya kila mpita njia, na mbele ya balozi. Alitafakari jambo hilo tangu basi lilipopita Rwamishenye mpaka anashuka. Aliogopa, na kwa kuwa aliogopa alizidi kukasirika, na hasira ya Klaudia ilikuwa na kawaida ya kumfikisha mbali.

Kesho yake karai lilikuwa katikati ya uwanja.

Jirani walipita wakakodoa macho. Aroni, mchuuzi wa samaki, alisimamisha baiskeli kabisa. Felicitas alisema, "Wifi, sasa umeamua kutuaibisha mchana kweupe." Klaudia alijibu kwamba usiku kobe wanalala.

Lakini jua lenyewe lilikuwa haba. Anayekijua kibanja cha Kihaya anajua kwamba migomba inaizunguka nyumba na kuisogelea mpaka kizingitini, majani yanashikana juu, na mchana unaingia humo kama mgeni aliyekosea njia. Palikuwa na kipande cha jua uani kikubwa kama mkeka wa mtoto, nacho hakikukaa. Klaudia alilisogeza karai, jua likasogea. Akalisogeza tena, jua likapanda ukutani na kutoweka. Uliokuwa ukilizuia ni mgomba mmoja upande wa mashariki, mnene, wenye majani mapana, umebeba mkungu mchanga ambao ulikuwa bado sana kukomaa.

Hapo Klaudia aliomba. Hebu isisemwe kwamba hakuomba. Alimfuata Rwegasira barazani, akapiga magoti kama mila inavyotaka.

"Kaka, waitu, mkubwa wangu, nakuomba. Uyapunguze majani ya ule mgomba wa mashariki. Majani tu."

"Ili iweje?"

"Kobe wangu wapate jua."

Rwegasira alicheka kwanza, kisha akaona kwamba dada yake hacheki. "Mgomba alioupanda baba? Mwanamke ananiagiza namna ya kutunza migomba ya baba yangu, kwa ajili ya madudu niliyosema yatupwe? Inuka, Klaudia. Mwisho wa juma nisiyakute hapa, au nitayatupa mimi kwa mkono wangu."

Klaudia akainuka. Alisema kwamba ni baba yake pia, lakini aliyasema maneno hayo chinichini, na kaka yake alikuwa ameshageuka.

Asubuhi, Rwegasira akiwa amekwenda mkutanoni kuwaeleza watu umoja na usawa, Klaudia alichukua panga. Alisimama mbele ya mgomba. Kwao, mtu anayekata mgomba wenye mkungu mchanga hatazamwi kama aliyekata mti. Anatazamwa kama aliyemwaga chakula cha mtoto. Mwanamke ndiyo kabisa. Kisha akamkumbuka yule aliyeelea juu ya maji, akapiga. Shina la mgomba halina ubishi mkubwa. Kwa mapigo machache uliinama, ukalia ukichanika, ukaanguka chali pamoja na mkungu wake.

Jua likaingia. Liliingia lote, likajaa uwanja, likaonyesha vumbi, na vyungu, na ukuta ambao hakuna aliyejua kwamba una ufa. Klaudia aliweka jiwe karaini, akaegemeza kigae upande wa pili kuwe na kivuli, akakaa kitako. Baada ya muda yule mgonjwa, yule aliyefika Hamugembe, alijikokota akapanda jiweni. Akakauka. Akanyoosha shingo, akaitupa miguu ya nyuma, na kucha zote zikatanuka kama mtu anayejinyoosha kitandani. Klaudia alijiziba mdomo kwa kanga asipige kigelegele.

Felicitas ndiye aliyepiga, ila chake kilikuwa ukunga wa kuita watu, alipouona mgomba uko chini.

Wazee wa ukoo walikutana alasiri hiyohiyo uani. Mkubwa wao, Mzee Kagaruki, alikalia kigoda, akautazama mgomba ulioanguka kwa muda mrefu, akasema ameishi miaka mingi bila kuona jambo kama hili. Rwegasira alisimama. Alisema juu ya baba. Alisema juu ya heshima. Alisema hadhi ya balozi imekanyagwa, na mikono ilipanda na kushuka.

"Klaudia," alisema Mzee Kagaruki, "ni wewe uliyekata?"

"Ni mimi."

"Ulilewa?"

"Sikulewa, tata, baba yangu. Nilihitaji jua. Niliomba, nikanyimwa. Nikakata."

Minong'ono ikapita kwa wazee. Rwegasira alidakia: "Mnasikia? Hata haogopi! Nani alikupa ruhusa ya kukata mgomba katika ardhi yangu?"

"Ardhi yako?" Klaudia alimgeukia. Sauti ilikuwa yake lakini hata yeye ilimshangaza. "Juzi hapahapa ulisimama ukasema ardhi si ya mtu, ni ya wote. Nilikuwa nimesimama nyuma na mtungi kichwani, nikasikia. Ukasema kunyonyana kumekwisha. Watu wakapiga makofi, na mimi nilitua mtungi nikapiga. Sasa niambie, kaka. Hao wote, mimi simo? Ninaipalilia hii migomba tangu niliporudishwa. Ndizi zako ninaziivisha mimi. Katika wote hao ni mimi peke yangu ndiye nisiye mtu?"

Mzee mmoja alikohoa. Rwegasira alipandisha mikono, akaishusha, akamgeukia Mzee Kagaruki.

Uamuzi ulitoka hata hivyo, maana wazee hawakuja kushindwa na mwanamke. Apige magoti amwombe kaka yake radhi mbele ya watu, na kobe wale watupwe leo. Akikataa, asionekane tena kibanjani.

Klaudia alitazama magoti yake, ambayo siku iliyopita tu yalikuwa chini. Akatazama karai.

"Sipigi," alisema.

"Utakwenda wapi?" Rwegasira alidakia tena. "Mumeo hakutaki. Utakwenda rweya, ukaishi na wale wasio na kwao?"

Rweya ni mbuga ya majani matupu juu ya vilima, na Mhaya mwenye kibanja alilitamka neno hilo kama anayetema kokwa. Udongo wake ni maskini, upepo haukatiki, na mgomba hauoti ila kwa kubembelezwa. Huko ndiko kilikokuwa kimeanzishwa kijiji cha ujamaa, na waliojaa huko walikuwa watu waliokosa urithi. Rwegasira alikuwa amewasifu sana mikutanoni. Kuwatembelea hakuwahi.

"Rweya kuna migomba inayoziba jua?" aliuliza Klaudia.

"Hakuna hata kivuli cha kupumzisha mbwa!"

"Basi nitakwenda rweya."

Alidhani angeondoka bila mtu kumsindikiza kwa neno. Lakini mama yake, Kemilembe, ambaye mchana kutwa alikuwa amekaa mlangoni pa banda, aliinuka kwa kujikongoja, akalishika karai upande mmoja, Klaudia akalishika upande wa pili, wakalipandisha kichwani pamoja.

"Nenda polepole," alisema mama. "Maji yasimwagike."

Kijijini, mwenyekiti alikuwa mtu mwembamba aitwaye Mwijage. Alimtazama mwanamke mwenye panga, jembe na karai, akauliza mumewe yuko nyuma kiasi gani.

"Sina mume."

"Mtoto wa kiume?"

"Sina. Nina mikono. Mnagawa ardhi kwa mikono au kwa waume?"

Mwijage alijikuna kidevu. Alisema haijapata kutokea. Alisema pia kwamba, akikumbuka vizuri alivyosikia, hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni marufuku. Akampimia kiwanja ukingoni, penye upepo kuliko kote, labda akitumaini angekata tamaa.

Hakukata. Alijenga kibanda cha nyasi, akalima shamba la pamoja asubuhi na kiwanja chake jioni. Jua huko lilikuwa jingi mpaka likawa adui. Ilibidi alisukie karai kipaa cha nyasi upande mmoja, wasije wakaiva. Masika ilipofika, ukungu ukakaa juu ya kilima siku baada ya siku, na Klaudia akaning'iniza kandili juu ya jiwe, akaweka mkono chini yake, akalishusha, akalipandisha, mpaka mkono ukavumilia. Kandili lililipa jiwe joto tu, alijua hivyo. Kwa hiyo kila mawingu yalipopasuka, hata kwa kitambo kidogo, aliacha jembe shambani akakimbia kulitoa karai nje, na wenzake wakazoea kumcheka, kisha wakazoea kumpigia kelele, "Klaudia, jua hilo!" kila walipoliona wao kwanza. Magamba yakakaza. Akiyagonga kwa ukucha yalilia ko, ko, ko. Wote wanne walikuwa wakubwa kama vifuniko vya sufuria ndogo, wakorofi, na walimng'ata kidole kila alipochelewesha dagaa. Aliona fahari mno, na hakuificha.

Kiangazi kilipoingia, Rwegasira alikuja. Alikuja mchana, kwa miguu, suti yake ya mikutano imejaa vumbi. Ndizi za pombe zilikuwa zikiiva nusu nusu, Felicitas alikuwa amechoka na moshi, na mama alikuwa hali chakula mpaka aulizwe mara mbili. Hayo aliyasema baadaye. Alichosema kwanza, akiwa amesimama mpakani mwa kiwanja, akimtazama dada yake na wale kobe wanne waliojipanga jiweni na shingo zao juu, kilikuwa hiki:

"Nimekusamehe. Wazee pia. Chukua vitu vyako, Klaudia, turudi nyumbani."

Klaudia alijipangusa udongo mikononi. Siku nyingi alikuwa ameyaandaa maneno makali ya siku hii, maneno mazuri, yenye kuchoma, na sasa yote yalimponyoka. Alimwona kaka yake amesimama pale akisubiri, hajui kama ana ruhusa ya kuvuka mpaka. Katika maisha yake yote Klaudia hakuwahi kumkaribisha mtu mahali popote; palikuwa pa baba, pa mume, pa kaka. Akaingia kibandani, akatoka na kigoda, akakiweka juani kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kukiweka.

"Nyegera, kaka," alisema. "Karibu kwangu."